Imeonekana

Barua ya kwanza niliandika mwezi wa pili,
kwa mkono, maana mashine ya ofisini haikuwa na wino.
YAH: MCHANGA WA SHIMO LA KURUKIA.
Mvua ikishapita na jua la Makorora likishakaa,
mchanga unashikana, unakuwa sakafu.
Ukiugonga kwa kisigino, unaitika.
Naomba tripu moja kutoka Sigi. Hata nusu tripu.

Bi. Mhina, Mwalimu Mkuu, akairudisha karatasi
na neno moja pembeni, kwa kalamu nyekundu:
Imeonekana.

Ya pili, mwezi wa nne. Imeonekana.
Ya tatu niliipeleka na bonge lenyewe la mchanga
ndani ya mfuko wa sukari.
Likakaa juu ya kabati la mitihani mpaka leo.

Nilitunza nakala. Baba yangu alikuwa karani wa mkonge,
alinifundisha: mtu asiye na nakala hana ushahidi.

Sasa nakala zimo mkononi mwa Wakili Lukindo,
anazipepea kama mtu mwenye joto.
"Mdaiwa wa pili, barua hizi ni zako?"
Ni zangu.
"Basi ulijua."
Nikaona ngao niliyoichonga miezi mitatu
ikigeuka panga, mpini kwake, makali kwangu.

"Sheria," anasema, "haimtaki mwalimu awe malaika.
Inauliza tu: mzazi mwenye busara
angemruhusu mwanawe aruke pale?"
Nikawaza, mzazi gani huyo
mwenye watoto arobaini na wanane wa rika moja,
filimbi moja,
na sanduku la huduma ya kwanza lenye chaki ndani?

Wakili wa Halmashauri akasimama upande wetu:
michezo ina hatari zake, ajali haina kinga,
na kuvunjika kwa koleo, mheshimiwa,
si mwisho wa uhunzi.
Mama Hatibu hakungoja zamu yake.
"Ule ni mguu," alisema. "Koleo hununuliwa."
Hakimu akamwambia akae.
Alikaa, lakini neno lilibaki limesimama.

Tulimbeba juu ya ubao wa dawati hadi kwenye bajaji.
Bombo walimning'inizia tofali mguuni, wiki saba,
na kila Jumamosi nilikwenda na machungwa ya Muheza
nikalitazama lile tofali
kuliko nilivyomtazama mtoto.
Paja limeunga. Limeunga fupi, vidole viwili.

Haya yote yamo kwenye jalada.
Kuna jambo moja halimo.

Siku ile Hatibu aliruka mara moja, akatua vibaya kidogo,
akaja kando yangu akisugua goti.
"Mwalimu, pagumu."
Hakusema zaidi.
Nami, filimbi mdomoni, nikamwambia:
"Mwanamume haogopi mchanga. Rudia."

Hakuna aliyesikia. Wenzake walikuwa wakigombea zamu.

Hakimu akamgeukia taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba:
"Kabla hujaruka mara ya pili, mwalimu alikuambia nini?"
Hatibu Semkiwa, miaka kumi na mitatu,
akaegemeza gongo lake ukutani, likateleza, akalishika.
Akanitazama.
"Aliniambia nifunge vizuri kamba za viatu."

Karani akaandika: viatu.

Hakuwa na viatu siku ile.
Hakuna mtoto aliyekuwa na viatu siku ile,
nyayo zao zilikuwa nyeupe kwa vumbi,
naziona mpaka sasa zikipanda hewani.

Hukumu ni tarehe kumi na nne.
Wakili wetu anasema tunapumua,
uzembe ukigawanywa huwa mwepesi.

Usiku huu nimewasha taa, naandika barua ya nne.
YAH: MANENO NILIYOMWAMBIA.
Mistari mitatu, haizidi. Sikuweka nakala.
Pembeni nimeacha nafasi
ya neno moja,
kwa yeyote mwenye kalamu nyekundu.